Mtunzaji Aliyenyamaza

Mapokezi, Kliniki ya Meno,
Ijumaa, saa ya mapumziko.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu kwa kuwa simu hupokei, na huko kwenye kompyuta umefunga milango pamoja na madirisha. Itikia basi, hata kimoyomoyo, halafu ukae chini, maana barua hii si fupi na wewe una tabia ya kusoma umesimama kama mtu anayesubiri basi. Hali yako ikoje? Mgongo je? Bado unajibana kwenye mashimo ya lifti za watu ukizitengeneza, na kula mchana pale tu ukikumbuka? Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limepoa tangu aanze kulikanda kwa maji ya moto, na amepata miwani mpya, ila bado anavaa ile ya zamani kwa kutafutia hii mpya. Mimi ningali pale pale mapokezi. Napokea watu walioshika mashavu, nawaambia daktari wetu ana mkono mwepesi, nao hawaniamini hata kidogo.

Kabla sijaendelea, tafadhali usimkasirikie mama mwenye nyumba wako. Ni mimi niliyempigia nikamuuliza kama uko hai. Alinijibu kwamba unatoka asubuhi na begi lako la vifaa, unarudi jioni, unasalimia watu vizuri, ila siku hizi kompyuta yako umeifunika shuka na juu yake umeweka pasi. Nilimshukuru Mungu kwamba u mzima, kisha nikakukasirikia palepale. Mtu mzima wa afya ana sababu gani ya kuwanyima watu wake hata neno moja? Hasira yangu ilidumu mpaka jioni, ndipo ikageuka huruma, na huruma ndiyo iliyonikalisha hapa nikuandikie.

Najua kwa nini umenyamaza, kaka. Ngoja nianze mbali kidogo ili tuende pamoja.

Majuzi Mama aliniuliza ile kazi yako isiyo na mshahara ni kazi gani hasa. Nikamweleza kwamba kuna mfumo wa kompyuta ambao hauuzwi, mali ya kila anayeutaka, na umejengwa na watu wa kujitolea waliotawanyika dunia nzima. Kila mmoja ana programu zake anazozitunza, wenyewe wanaziita vifurushi. Kifurushi kikipata hitilafu, anayekitumia anaandika ripoti, na mtunzaji anakaa anakitengeneza. Mama akafikiri, akauliza kama ni kweli hawalipwi. Nikasema ni kweli. Akauliza kama hao wanaoandika huwa wanashukuru. Nikasema mara nyingi wanalalamika. Akaendelea kukunja nguo zake kwa muda, halafu akasema basi kazi hiyo haina tofauti na kuzaa.

Sasa tuje kwenye lako. Wewe unatunza kile kifurushi kinachochukua maandishi ya kawaida na kuyapeleka kwenye mashine ya nukta nundu, ili wasioona wasome kwa vidole. Ukatengeneza toleo jipya, ukalipakia, ukaridhika nalo. Mwalimu wa shule moja ya wasioona akaandika kwamba kila ukurasa unakwisha kabla maneno hayajakwisha. Ukaangalia kwenye kioo cha kompyuta yako, ukaona mistari yote ipo, ukajibu kwamba kwako iko sawa, na ripoti yake ukaifunga. Akaifungua tena. Ukaifunga tena, na safari hii ukamwomba atazame vizuri. Ndipo akaandika yale maneno yake machache: kwamba yeye haoni, anasoma kwa vidole; kwamba mtihani wa wanafunzi wake umeshafanyika, na kila ukurasa mstari wa mwisho haukuwepo; na kwamba kwenye kurasa nyingine mstari huo ndio uliokuwa swali lenyewe. Tangu siku hiyo hukuandika tena. Hukumwandikia yeye, wala wenzako, wala sisi.

Unajiuliza mtu wa mapokezi ameyajuaje haya. Vuta subira, nitakuambia kabla sijaweka kalamu chini. Kwanza ujue kinachonisukuma. Toleo jipya la mfumo mzima liko karibu kutoka, na kabla halijatoka milango hufungwa. Kifurushi chenye hitilafu kubwa na kisicho na mtu wa kukitunza kinatolewa nje. Chako kinaelekea huko. Na wewe mwenyewe umehesabiwa miongoni mwa watunzaji walionyamaza. Desturi ya watu hao unaijua: aliyenyamaza huandikiwa mara tatu kwa upole, huulizwa kama yu salama, kisha jina lake linavuliwa. Umeshaandikiwa mara mbili na mtu anayejiita Jino, na hukumjibu. Imebaki mara moja.

Basi nilimwomba daktari ruhusa ya siku moja. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi, nakwenda kumwombea kaka yangu msamaha. Akasema kama aliyekosa ni kaka, aende kaka. Nikamjibu kwamba kaka yangu miguu imemwia mizito, na dada mtu lazima atangulie. Akanipa ruhusa, lakini alinikumbusha kwamba siku hiyo atapokea simu yeye mwenyewe, na simu haziwezi.

Nilifika shuleni kwa yule mwalimu kabla ya saa nne. Kuta za korido zimeng'aa kwa kupitiwa na mikono, mstari mmoja mrefu usawa wa kiuno, mahali pengine pote rangi ni ile ile iliyofifia. Mashine yenyewe wameifungia kwenye sanduku la mbao walilolitandika vipande vya godoro ndani ili kupunguza kelele, na bado ikianza kupiga utadhani mvua ya mawe juu ya bati. Mwalimu ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti inayotosha madarasa mawili. Hata sijamaliza kujitambulisha aliniuliza kwa nini naifungua na kuifunga zipu ya mkoba wangu. Nikaona hapa hakuna pa kujificha, nikamwambia mimi ni mdogo wake yule mtunzaji aliyemwambia atazame vizuri.

Akacheka, akauliza kama wewe ni mfupi, maana siku zote amekuwazia mfupi mwenye hasira za karibu. Nikamwambia u mrefu, na hasira huna, una haya. Akasema hatanidanganya, alikasirika wiki nzima. Lakini yale maneno ya kutazama vizuri aliwasimulia walimu wenzake, na ofisini kwao walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye madaftari ya kusahihishwa. Sasa ndiyo salamu yao. Mtu akipotelewa na kitu humo ndani, anaambiwa atazame vizuri.

Na kuhusu mtihani, sikiliza sana hapa. Mkuu wa shule aliufuta ule wa kwanza. Fundi wao wa kompyuta alirudisha toleo lako la zamani, mtihani ukapigwa upya, watoto wakaufanya tena. Hakuna aliyerudishwa darasa, hakuna aliyeharibikiwa. Kuna msichana mmoja tu aliyelalamika, na yeye lalamiko lake ni kwamba lile swali lililopotea lilikuwa gumu na afadhali lingebaki limepotea. Mwalimu anasema hayo yote alikuandikia, tena zaidi ya mara moja. Wewe ulikuwa umeshaacha kufungua barua pepe zako. Umejifungia na hukumu ambayo mlalamikaji mwenyewe alishaifuta, jamani, unajitesa bure.

Akaniambia jambo jingine. Kwamba ameandika ripoti nyingi kwa watu wengi, na wengi wao hawamjibu, au wanamjibu akiwa ameshasahau aliuliza nini. Kwamba wewe ulikuwa humwachi na swali. Kwamba ipo Jumapili moja mlishinda mkiandikiana mpaka alama za hesabu zikakaa sawa, na wanafunzi wake ndipo walipoanza kujisomea hesabu bila kusomewa. Nilimuuliza kama angependa tumtafutie mtunzaji mwingine. Akasema hataki. Mpya ataanza kukosea upya, na yeye hana nguvu za kufundisha mwingine, amekuzoea wewe.

Halafu tukafanya kazi. Usinikodolee macho, ndiyo, tukafanya kazi, mimi kwenye kompyuta na yeye kwenye karatasi. Ulipoandika toleo lile jipya uliweka urefu wa karatasi za ofisini. Zao ni zile za kukunjana zinazovutwa kwa matundu ya pembeni, nazo ni fupi kidogo. Mstari uliozidi, mashine haikuwa na pa kuupiga, ikautupa bila kusema. Kwenye kioo chako karatasi haiishi, ndiyo maana kwako ilikuwa sawa. Kaka, hukumdanganya yule mama. Kosa lako ni kwamba hukuwahi kugusa karatasi, na utaigusaje wakati mashine ile wewe hujawahi hata kuiona?

Jaribio la kwanza nililofanya mimi lilimeza mistari miwili. Mwalimu akapitisha vidole, akanipa hongera kwamba nimemshinda kaka yangu. Jaribio la pili karatasi ilitoka haina kitu. Akaigeuza upande wa pili, akasema hii ni safi kabisa. La tatu alisoma kimya mpaka chini, kidole chake kikafika mstari wa mwisho kikakaa hapo. Kisha akaushika mkono wangu, akakiweka kidole changu mahali pake. Nilifumba macho. Mimi nilisikia vipele kama vya joto tu, yeye pale anasoma swali la kugawanya. Nikalia. Nilijitahidi nisitoe sauti, lakini kwa mtu yule hakuna kulia bila sauti, akanipa karatasi ile safi nijifutie. Haifai kwa machozi, ni ngumu kama boksi, lakini niliichukua.

Sasa nimefika pale nilipokuahidi.

Jino ni mimi. Yule Jino uliyemfundisha kuandika ripoti, ukamwambia asiseme tu kwamba kitu hakifanyi kazi, aseme alifanya nini, alitegemea nini, na badala yake akaona nini. Yule uliyekuwa ukimrudishia kazi yake kwa maneno matamu mpaka ikakamilika. Siku uliyomwandikia kwamba ana jicho zuri, nilitembea na sifa ile kliniki nzima na sikuwa na wa kumwambia. Wagonjwa siku hiyo waliniuliza mbona ninacheka peke yangu. Ulimwandikia Jino maneno mengi kuliko yote uliyowahi kutuandikia nyumbani, na nilimwonea wivu, na ni mimi mwenyewe.

Sikukuficha kwa ubaya. Ulipohama, simu zako zilianza kupungua. Tunakujua, wewe si mtu wa maneno, ukiuliza habari za goti umeshamaliza. Siku moja nikauona ule ukurasa wa wazi, unaotaja kila kinachopakiwa na jina la aliyekipakia. Jina lako lilikuwepo, la jana yake. Nikajua kwamba jana kaka yangu alikuwa hai, ameketi kitini, ana umeme na ana akili zake timamu. Nilifurahi kama nimekuona mlangoni. Toka hapo nikawa naufungua kila asubuhi kabla sijafungua kliniki. Ili nielewe ninachosoma ikabidi nijifunze, na nilipojifunza nikanogewa, sikatai. Watu wa mfumo ule wakaja kunipa kazi ya kuwaandikia walionyamaza, kwa sababu mimi huanza kwa kuuliza hali ya mtu, na wenzangu walikuwa wanaanza moja kwa moja na kifurushi. Lakini sikuingia kule kwa kupenda kompyuta. Niliingia kukutafuta wewe.

Basi fikiria siku jina lako lilipoletwa kwenye zamu yangu. Mara mbili nilikuandikia kama mgeni, nikakuuliza uko salama, mtunzaji, huku nimeuma mdomo. Ningeandika kwamba mimi ni dada yako, nilihofia ungefunga hata ule ufa uliobaki.

Na liko jingine, hili ndilo zito. Kila jina lako lilipotokea kwenye ukurasa ule, jioni nilikuwa namwambia Mama kwamba kaka anakusalimu. Anafikiri huwa unanipigia kazini. Yeye mwenyewe hapigi, anasema hataki simu ilie ukiwa umening'inia huko juu ya lifti ukashtuka. Nikimpa salamu anaitikia marahaba palepale, kana kwamba umesimama jikoni, ananiagiza nikuambie ule na ujifunike, kisha anakuwa mwepesi jioni nzima. Nilijiwekea mpaka mmoja tu: siku ambayo jina lako halipo, sitamtungia salamu. Salamu zote nilizompa zilikuwa na mkono wako nyuma yake, hata kama hukujua.

Kwa hiyo tangu unyamaze, Mama hajasalimiwa. Mwanzoni akawa ananiuliza, kaka yako vipi, mbona siku hizi hasalimu, nami nikawa nasema ana kazi nyingi. Sasa hivi haulizi tena. Nikirudi jioni anatoka mpaka mlangoni, ananitazama usoni wakati navua viatu, halafu anarudi kwenye shughuli zake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kifurushi, na kuliko mtihani, Mungu anisamehe. Naweza kumdanganya kwa neno moja na akalala vizuri. Nimejaribu, kaka, neno halitoki.

Kiongozi wa kikosi chetu cha kuwaandikia walionyamaza, tunayemwita Kobe kwa jinsi anavyochelewa kujibu, aliniagiza niandike barua ya tatu. Nikamweleza ukweli, kwamba huyu ni kaka yangu wa tumbo moja. Akasema basi atampa mwingine aandike. Nikamsihi aniachie, nitaiandika kwa kalamu. Akaniuliza kalamu hiyo ni programu gani. Tulipoelewana alikubali kunisubiri mpaka milango itakapofungwa, zaidi ya hapo hana uwezo, na nisimlaumu. Aliniambia pia kwamba njia nyepesi ni mimi mwenyewe kukichukua kifurushi, kwa kuwa marekebisho ninayo na Mwalimu ameyakubali kwa vidole vyake.

Naweza, na nimekataa. Sijakataa kwa unyenyekevu, unanijua sina. Jina langu likikaa pale, ukurasa ule utakuwa unanipa habari zangu mwenyewe, na hizo ninazo tayari.

Kwa hiyo hii ndiyo barua yako ya tatu. Marekebisho nimeyaweka mahali pako pa kazi kule mtandaoni, sijayapakia. Kilichobaki ni wewe kuyapitia na kuweka sahihi yako. Ukiona nimekosea, nirudishie kwa maneno matamu kama ulivyokuwa ukimrudishia Jino. Sikudai maelezo, wala hakuna anayekungoja umwombe radhi. Kama huna la kuandika, usiandike. Pakia tu. Mimi nitaona.

Mwalimu anakusalimu sana, na anasema ana hitilafu nyingine ndogo amekuwekea, uje umalizane nazo. Daktari anakusalimu pia ingawa hakujui, alitaka tu kujua ninamwandikia nani muda wote huu huku chai yangu inapoa. Za Mama siwezi kukuletea. Yeye anangoja zako kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
yule mwenye kiherehere,
Jino.